Mtoto ataka nguo ya Halloween? Mshonee pweza

Oktoba ikikaribia kuisha hapa Mombasa jua liko palepale na mvua za vuli nazo zaanza kutishia, halafu kwa grupu ya wazazi yaingia meseji ati tarehe 31 kila mtoto aje amevaa kitu. Ukizunguka madukani waona zile nguo za nailoni za mifupa na majini, bei ndo usiseme, na mtoto akivaa dakika kumi ashaloa jasho alia atolewe. Na nyumbani nyanya yake ashauliza mbona mjukuu wangu avalishwa shetani.

Mimi nasema mfanye pweza. Hakuna mtoto wa pwani asiyemjua, si jini wala mzuka kwa hivo nyanya atacheka tu, na kubwa zaidi ni kwamba kazi yote ya pweza iko kwa mikono, uso waachwa wazi na mwilini abaki na fulana yake ya pamba aliyoizoea. Hilo la joto lifikirie kabla ya urembo wowote manake mtoto wa miaka mitatu minne hatakwambia nasikia joto, atavua tu katikati ya party abaki na chupi.

Kwa wale watakaosema hio si Halloween, jamani, hii kitu yenyewe imetoka Ireland na Scotland, ilikuwa sikukuu ya zamani ya kumaliza mavuno ikiitwa Samhain, wahamiaji wa Ireland wakaipeleka Marekani karne ya 19, hata yale mapambo ya boga la kutobolewa macho, kule kwao mwanzo walikuwa wakichonga tanipu. Si lazma mtu avae cha kutisha, Marekani wenyewe wavalisha watoto hata ndizi.

Haya, vitu. Nenda mitumba, Kongowea ama Mwembe Tayari, utafute taiti tatu za mtu mzima, za rangi moja au zinazokaribiana. Usihangaike ati pweza lazma awe mwekundu, pweza mwenyewe abadilisha rangi vile atakavyo akiwa pale mwambani, kwa hivo zambarau, kahawia, hata ile ya maua maua, zote ni sawa. Taiti tatu ni miguu sita, na hio ndo mikono sita ya kujaza, manake pweza ana minane na miwili mtoto wako anayo tayari. Kisha Biashara Street ununue lastiki pana ya inchi mbili, mita moja yatosha, velkro kidogo na uzi wa pamba. Kofia ya kitambaa ya mtoto najua iko nyumbani.

Cha kujazia hapo ndo watu huharibu. Ukijaza vitambaa vikuukuu mikono yawa mizito, mtoto avutwa mabega siku nzima. Sufi ni nyepesi lakini yapeperuka, yaingia puani mtoto aanza kupiga chafya, na ikiguswa na moto ni balaa. Juala la plastiki tulishaagana nalo tangu 2017 lilipopigwa marufuku. Dawa ni zile neti za vitunguu, muulize muuza vitunguu yeyote sokoni atakupa za kutupa ama kwa bei ya bure, uzioshe kwa sabuni mpaka harufu iishe, uanike, ukishazikunjakunja zarudi kujitanua zenyewe, nyepesi, na upepo wapita. Huna neti, fungua mto wa zamani utoe pamba yake ya nailoni, ila usishindilie. Mkono ukiwa mgumu haunesi na pweza asiyenesa huyo ni nini sasa.

Kabla ya kujaza lakini, piga chapa vile vinyonyeo, yale maduara ya mikononi mwa pweza. Kata miguu ya taiti pale mapajani, tia kipande cha kadibodi ndani rangi isipite upande wa pili, chukua kizibo cha chupa ya soda ya plastiki, kichovye kwa rangi nyeupe ya kitambaa ugonge safu mbili kutoka juu hadi chini, vidogo kuelekea ncha kama una subira. Acha usiku kucha. Na hewa yetu hii ya unyevu usidanganyike ukigusa ukiona pakavu, subiri hadi kesho, manake rangi mbichi na mvua ya vuli zikikutana fulana yote yageuka maziwa.

Urefu wa kila mkono ukining'inia usipite magoti ya mtoto. Ukizidi ukate, funga ncha, usione huruma, mtoto atakimbia tu hata umkataze na akijikanyaga ataanguka na meno.

Sasa kushona. Mikono usiishone kwa fulana, fulana yavutika na ukitaka kumvua itakuwa vita. Pima lastiki kifuani kwa mtoto chini ya kwapa, punguza kama inchi mbili ikae vizuri bila kubana, tia velkro mgongoni. Shonea mikono mitatu ubavu wa kulia mitatu wa kushoto, mdomo wa kila mkono uulaze bapa juu ya lastiki na lastiki uivute kidogo wakati washona, vinginevyo uzi wakatika mara ya kwanza akivaa. Huna cherahani fundi yeyote wa mtaani akufanyia hapo hapo wangoja. Mbele katikati na nyuma katikati paache wazi, ndo aweze kula na kukaa kitini. Tia mikanda miwili ya kitambaa mabegani, ipishane mgongoni, isiteremke. Faida ya hio yote ni msalani: wavuta velkro, pweza mzima atoka kwa mpigo mmoja, mtoto akimbia zake. Wenye watoto wa umri huo wajua hizo sekunde ni za thamani gani.

Halafu ule ujanja wenyewe. Chukua uzi wa pamba, funga kwenye kikanda kilegevu cha lastiki kwa kifundo cha mkono wa mtoto, teremsha ufunge katikati ya mkono wa bandia wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, ukiacha shibiri moja moja. Fanya hivo pande zote mbili. Akiinua mikono, yote minane yainuka pamoja, na hapo hakuna wa kumshinda kwa party. Usitumie mshipi wa kuvulia hata kama baba yake anao, ule haukatiki, mtoto akinaswa mahali wamkata ngozi. Uzi wa pamba ukivutwa kwa nguvu wakatika wenyewe, na ndo twataka hivo, beba tu mwingine kwa mkoba.

Kichwa ni cha haraka. Zile taiti ulizokata miguu zimebaki sehemu za juu, chukua moja, ziba matundu ya miguu, weka neti moja ya kukunja juu ya ile kofia, kisha uvalishe hio taiti juu yake, kiuno chake kishike ukingo wa kofia, shona kuzunguka. Umepata kile kichwa cha pweza kama mfuko. Macho kata vikombe viwili vya trei ya mayai, paka nyeupe, na mboni ichore mstari wa kulala, sio duara, pweza ndo jicho lake lilivyo. Yashone juu ya paji, yasimzibe kuona.

Ukipenda mchoree mioyo mitatu kifuani kwa fulana, manake pweza ana mioyo mitatu kweli na damu yake ni ya buluu, mtoto akiulizwa awe na la kuringia.

Mikononi kama wataka kuchora vinyonyeo tumia rangi ya uso ya watoto, ijaribu siku moja kabla kwa ndani ya mkono. Piko, ile hina nyeusi, usimpake mtoto, usinambie ni kidogo, ile dawa ya nywele iliyomo yaweza kumuunguza ngozi ikamwachia makovu. Na wanja wa kienyeji usioujua ulikotoka uache pia, mwingine huwa una madini ya risasi.

Usafiri: mvalishe mkifika. Kwa tuktuk ama boda ile mikono yaweza kuingia kwa gurudumu, na wale wa kutoka Likoni mwalijua lile sukumano la feri. Panapowashwa mishumaa asikaribie, taiti nyingi ni nailoni, ikipata moto yayeyuka ikagandia ngozi, boga litiwe taa ya betri. Magharibi yaingia mapema, mbandike kitu cha kung'aa mgongoni kama mtatembea kwa miguu.

Akiwa na kakake ambaye hana nguo na ashaanza kununa, mpe aproni, kofia ya baraghashia, sufuria tupu na upawa, huyo ni muuza supu ya pweza, wakae karibu karibu. Jitayarishe tu kwa utani wa wajomba, supu hio nao waijua kwa sababu zao.