Gego langu kwenye picha lilikuwa zima

Novemba 2024 nilimtumia daktari wa meno wa Dodoma picha ya gego langu kwa WhatsApp. Nipo Leicester, Uingereza; kliniki tatu za NHS, huduma ya afya ya serikali, zilishaniambia hazipokei wagonjwa wapya, na namba ya daktari nilipewa na binti wa mama mdogo. Alijibu usiku uleule: kwa juu sioni tundu, nenda kapige eksirei, kwa sasa anza amoksilini, dawa ya kuua bakteria. Mimi nikasoma neno la mwisho tu. Dawa ninayo, nilikuja nayo kwenye begi kutoka Majengo.

Siku ya tano maumivu yakakata. Nikaandika kwenye grupu la familia "Mungu mwema", shangazi wakaitikia amina.

Mtego ndio huo, ndugu yangu. Jino lililokuwa likikutoa machozi likinyamaza ghafla, usishangilie. Huenda mshipa wake umekufa na usaha unajikusanya mzizini. Wiki ya tatu niliamka shavu limeumuka, mdomo hauingizi hata kijiko. Nililazwa siku mbili, gego likang'olewa.

Daktari hakukosea. Nasema tena: kamera ya simu inaona juu ya jino. Mzizi haiuoni, wala pale meno mawili yanapobanana, na langu lilioza hapohapo. Bila eksirei hujapimwa.

Picha ina faida zake. Nimekulia maji ya kisima cha Singida, meno yangu yana madoa ya kahawia ya floraidi. Wa Dodoma aliyajua mara moja. Wa hapa aliniuliza navuta sigara ngapi kwa siku.

Waingereza nao! Mtu anakuomba radhi mara nne kwenye simu na miadi hakupi. Kwetu unaingia asubuhi, adhuhuri jino liko kwenye sahani, ingawa na sisi tuna haraka mno ya koleo.

Kwa walio England: piga 111, namba ya ushauri ya NHS, omba miadi ya dharura ya meno. Mwaka huo ilikuwa pauni 26.80, mimi niliogopa mamia bila hata kuuliza. Uvimbe ukipanda jichoni au ukishuka shingoni, au kumeza na kupumua kukiwa kwa shida, piga 999, namba ya dharura. Usimsubiri daktari wa Dodoma aamke.

Na nyie shangazi zangu, kwa heshima zote, acheni kumpa msafiri vidonge vilivyobaki kwa jirani. Halafu picha ya mdomo wangu imefika mpaka grupu la kwaya, nani aliituma?

WhatsApp ilinifaa baadaye. Niliomba kliniki nakala ya eksirei nikaituma kama faili, si kama picha, maana picha programu inaibana inapoteza ubora. Daktari akanijibu kwa sauti: jino lililokuwa jirani na gego lako nalo limeanza kuoza, kalizibe kabla ya Krismasi.

Miadi nimepata. Ya Februari.