Safisha viatu kabla ya kwenda visiwani

Ukijiandaa kwenda visiwa vya mbali kama Galápagos kuangalia mimea na wanyama wa asili, anza na viatu, kamera baadaye. Sugua soli kwa brashi, chokonoa matope yote, kisha geuza nje mifuko na pindo za suruali. Mbegu hujificha humo, hata kwenye soksi. Huko Galápagos, mipera iliyoletwa na watu imesambaa na kuisonga mimea ya asili, na inaumiza kuona. Matunda usibebe, mizigo hukaguliwa. Ukihama kisiwa kimoja kwenda kingine, safisha tena! Wengi huiruka hatua hii, ilhali mmea wa kawaida kisiwa hiki unaweza kuwa mgeni kwa kile cha jirani.