Kuku mgeni akidonolewa hadi damu

Ukiona damu kwa kuku mgeni, mtoe bandani saa hiyo hiyo, usingoje jioni. Kuku wakiona wekundu hawaachi kudonoa, na kidonda kidogo cha kisogoni kinaweza kufika kwenye fuvu.

Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yawe vuguvugu. Osha taratibu kwa kitambaa safi, ukipangua manyoya yaliyogandana na damu. Chini yake mara nyingi kuna tundu usilolitarajia. Kausha, kisha paka GV, ile dawa ya zambarau ya duka la dawa. Inazuia vijidudu na inaficha ule wekundu. Isiingie machoni. Kagua asubuhi na jioni, maana nzi hutaga hapo na funza hutokea upesi sana.

Mweke kwenye tenga au nyuma ya wavu, ndani ya banda lile lile, awe na maji na chakula chake. Tafadhali usimfiche mbali: wenzake wakimsahau, anarudi mgeni upya. Ngozi ikishafunga, mrudishe usiku wakiwa wamelala, na ongeza chombo cha pili cha chakula.