Barua ya mwajiri ya kuombea Kanada: masaa na mshahara viandikweje

Wengi wakisikia barua ya mwajiri wanafikiria ile ya zamani, inayosema fulani alikuwa mfanyakazi wetu, mchapakazi, mwaminifu, tunamtakia kila la heri huko aendako. Barua nzuri, ila kwa Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuombea ukaazi wa kudumu kwa wafanyakazi wenye ujuzi, haikusaidii kitu, kwa sababu afisa anayesoma faili lako hatafuti sifa zako, anatafuta namba za kupigia hesabu. Na namba anazozitaka sana ndo hizo ambazo mabosi wengi hawaziandiki: masaa kwa wiki, na malipo kwa mwaka.

Hesabu yao iko hivi. Mwaka mmoja wa kazi kwao ni masaa 1,560, yaani masaa 30 kwa wiki kwa miezi 12. Kama ulikuwa patitaimu ya masaa 15 kwa wiki basi inabidi ufikishe miezi 24. Sasa hapa ndo watu wanachanganyikiwa: masaa yanayozidi 30 kwa wiki hayahesabiwi kabisa. We hata upige kazi masaa 60 kila wiki kwa miezi sita, mchana na usiku, kwao hiyo ni miezi sita tu, ovataimu haifupishi mwaka. Na kazi lazima iwe ya kulipwa, mshahara au kamisheni, ya kujitolea au mafunzo ya bure hayamo hata kama ulifanya kazi ile ile kama wenzako wanaolipwa.

Kwa hiyo barua ikisema tu "ameajiriwa kwa ajira ya kudumu" haitoshi, maana ajira ya kudumu inaweza kuwa ya masaa 20 kwa wiki. Hata neno fultaimu peke yake lisikuridhishe. Mwambie bosi aandike namba.

Mfano wa kipande cha barua kilichokaa vizuri ni kama hiki: "Tangu tarehe 1 Machi 2021 hadi 30 Juni 2023 alikuwa fundi umeme, akilipwa kwa masaa 40 kwa wiki. Mshahara wake ulikuwa 1,200,000 kwa mwezi kabla ya makato, sawa na 14,400,000 kwa mwaka, pamoja na bima ya afya na posho ya usafiri ya 100,000 kwa mwezi. Tangu tarehe 1 Julai 2023 hadi leo ni msimamizi wa mafundi umeme, kwa masaa 40 kwa wiki," halafu mshahara mpya unafuata hapo hapo kwa mtindo ule ule, na jina la sarafu linatajwa. Ona kila cheo kimepewa tarehe zake, masaa yake na pesa yake. Ukipandishwa cheo usikubali barua inayotaja cheo cha mwisho tu na tarehe ya kuanza kazi, kwa sababu fundi na msimamizi kwenye ile orodha yao ya kazi, NOC, ni namba mbili tofauti, na afisa anataka ajue kila moja umeifanya kwa muda gani. Chini ya kila cheo bosi aorodheshe na majukumu, ila yasiwe yamenakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye NOC, yataonekana tu.

Hilo neno "kabla ya makato" usiliache. Barua ikisema 1,200,000 halafu steitimenti ya benki inaonyesha 930,000 inaingia kila mwisho wa mwezi, asiyejua makato yenu ataona kama mtu ameongeza chumvi. Ambatanisha slipu ya mshahara inayoonyesha kilichokatwa na kwa sababu gani, hapo mjadala unaisha.

Masaa nayo yana mitego yake. Mtu anaingia saa mbili asubuhi anatoka saa kumi na moja jioni anasema nafanya masaa tisa, kumbe saa ya chakula hailipwi, kwa hiyo ni nane, na kwa wiki ya siku tano ni 40 sio 45. Kwa kupita mstari wa 30 haina tofauti, ila mkataba ukisema 40 na barua 45 na profaili yako 48, afisa ataanza kujiuliza ipi ni ya kweli. Kwa wa shifti, masaa yakibadilika kila wiki, bosi aandike wastani na aseme wazi kuwa ni wastani. Kama kuna kipindi ulipunguziwa masaa, kitajwe peke yake na tarehe zake, usikifiche ndani ya wastani wa miaka mitatu.

Na hili wachache wanalifikiria: barua inayosema "hadi leo" inathibitisha kazi mpaka tarehe iliyoandikwa juu yake, basi. Ukiichukua Januari ukaja kutuma maombi Agosti, hiyo miezi ya katikati haina ushahidi. Omba barua mpya, au angalau weka slipu za karibuni.

Mengine ni ya kawaida: letahedi ya kampuni, anwani, simu na barua pepe (ya kampuni ikiwezekana), jina, cheo na saini ya bosi wako wa karibu au mtu wa HR (idara ya wafanyakazi). Mhuri ukiwepo sawa. Barua isiyo ya Kiingereza wala Kifaransa iende na tafsiri. Na mwambie aliyesaini kwamba anaweza kupigiwa simu, asije akashangaa akasema simjui huyo.

Msaada mkubwa unaoweza kumpa bosi ni kumwandikia rasimu. HR wengi wana barua moja wanayobadilisha majina tu, kwa hiyo ukimpelekea rasimu yenye masaa, tarehe na mshahara atakachofanya ni kulinganisha na faili lake na kusaini. Ila usimwombe aongeze masaa au pesa ambazo hazikuwepo, huo kwa Kanada ni udanganyifu na adhabu yake ni kufungiwa kuingia Kanada miaka mitano.

Uliyejiajiri, kujiandikia mwenyewe barua ya majukumu haikubaliki. Tafuta barua za wateja zinazoeleza kazi uliyowafanyia na malipo, usajili wa biashara, na karatasi za kodi. Na kama kazi yenyewe ulijiajiri ukiwa Kanada, kwenye programu ya Canadian Experience Class, ile ya waliokwisha kufanya kazi Kanada, kwa kawaida haihesabiwi.

Bosi akigoma, au kampuni imekufa? Kusanya mkataba, slipu, steitimenti za benki na karatasi za kodi, tafuta msimamizi wako wa zamani au mfanyakazi mwenzako akuandikie kiapo mbele ya mwanasheria akitaja masaa na muda, halafu andika barua ya maelezo kwa nini ya mwajiri haipo, na weka ushahidi kwamba uliomba, hata kama ni imeili tu ambayo haikujibiwa. Afisa anaweza kukubali au kukataa, ila ukiacha pengo bila maelezo umemrahisishia kukataa.

Vyote hivi vianze kabla hujaingia kwenye foleni ya Express Entry, kwa sababu ukishapata mwaliko wa kutuma maombi una siku 60 tu za kutuma kila kitu, na HR akiwa likizo siku hazimsubiri.