Kabla ya kwenda kujitolea Lushoto: ya kutengeneza ukiwa bado Mombasa

Lushoto, mji wa milima ya Usambara huko Tanzania, si mbali. Ukivuka feri ya Likoni alfajiri, ukapita Lunga Lunga na Horohoro, ukashika Tanga, Segera, Korogwe na Mombo, jioni uko milimani. Ukaribu huo ndio unaowaponza watu wa Mombasa: safari huchukuliwa kama ya Malindi, na kasoro hujitokeza mpakani au shambani, ambako hazina dawa.

Anzeni na kalenda, na kalenda yenyewe ni ya shamba. Miteremko ya Usambara Magharibi ni mikali na mvua huubeba udongo hadi mtoni, ndiyo maana kazi inayohitajika sana ni ya matuta na miti. Miche hupandwa ardhi ikishalowa vizuri, wakati wa masika ya Machi hadi Mei au vuli ya Oktoba hadi Desemba. Matembezi nayo yanataka ukavu. Kikundi kinachokwenda Agosti kwa sababu shule za Kenya zimefungwa kisiahidi kupanda miti, kwani miche ya Agosti hukauka wageni wakishaondoka, na mwenyeji ndiye anayebaki na aibu. Agosti chimbeni matuta, andaeni mashimo, jazeni udongo kwenye viriba vya miche kitaluni. Na kama mnakusudia kusaidia shuleni, ulizeni kwanza: mapumziko marefu ya Tanzania ni ya katikati ya mwaka na ya Desemba, hayaendi sambamba na yetu ya Agosti.

Tuta linataka mstari wa kontua, yaani unaofuata usawa mmoja kukata mteremko, na mstari huo hupimwa kwa fremu ya A, kifaa ambacho mnaweza kujifunza kukiunda hata uwanjani kwenu. Fungeni fito mbili za mita 2 kwa juu, mziunge katikati kwa ufito wa tatu, kisha mning'inize kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Isimamisheni, wekeni alama pale kamba inapogusa ufito wa kati, halafu geuzeni fremu ili kila mguu ukanyage pale mwenzake alipokuwa, na mweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Wenye haraka huiruka hatua hii na kuamini kwamba fito zao zinalingana. Matokeo yake tuta huenda mshazari, maji hukusanyika upande wa chini na mvua kubwa ya kwanza hulipasua. Shimo la mche sentimita 45 kwa 45 linatosha. Udongo wa juu uwekwe kando peke yake, kisha uwe wa kwanza kurudishwa shimoni. Ulizeni pia majembe yapo mangapi. Watu wanane wenye majembe manane wana faida kuliko thelathini wanaopokezana kumi.

Sasa karatasi. Kitambulisho cha Kenya hakitoshi kuingia Tanzania, chukueni pasipoti yenye angalau miezi sita mbele. Viza hailipwi, sisi ni wa Afrika Mashariki, lakini muhuri wa matembezi ni wa matembezi. Kujitolea huhesabiwa kuwa kazi hata bila malipo, kwa hiyo mwenyeji aulize Idara ya Uhamiaji kibali gani kinawafaa kwa muda wenu. Kibali cha ukaazi cha daraja C ndicho kinachowagusa wanaojitolea. Msidanganye dirishani kwamba mnakwenda kutembea tu huku buti la gari limejaa makoleo.

Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 cheti chake hudumu maisha yote. Kununua kadi ya chanjo bila kuchanjwa ni kujihatarisha mara mbili, kwa ugonjwa na kwa mkaguzi. Mwenye mimba, mwenye mzio wa mayai na aliyepita miaka 60 amuone daktari kabla. Wanaokwenda na gari lao wasichanganye kadi hiyo na kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima ya gari na inatakiwa vilevile. Kazi ikihusu watoto, ombeni cheti cha tabia njema mapema, maana alama za vidole hutolewa ana kwa ana na cheti huchukua muda kutoka.

Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Juni hadi Agosti usiku ni baridi ambayo shuka na leso haziiwezi, kwa hivyo piteni soko la Kongowea mtafute sweta nzito, soksi na gamubuti. Kutoka Mombo kupanda ni kama kilomita 33 za kona tupu. Mwenye kichefuchefu akae mbele, ale kidogo. Baridi isiwasahaulishe malaria, kwa kuwa Tanga, Muheza na Korogwe ziko chini na mbu wapo. Anayetumia doksisaiklini aianze siku moja au mbili kabla na aiendeleze wiki nne baada ya kurudi. Wengi huiacha wakifika nyumbani, ndipo homa inapowakuta Likoni.

Zawadi ni mtego. Miche na mbegu huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa mimea, dawa zina mamlaka yake, na mitumba ina ushuru. Pelekeni fedha, mnunue hukohuko: miche ya kitaluni Lushoto imekwisha zoea hali ya hewa ya pale. Fedha zenyewe badilisheni kwenye duka lenye leseni, si kwa vijana wa mpakani wenye mabunda. Sufuri za shilingi ya Tanzania humchanganya mgeni, naye hupunjwa akitabasamu. Mifuko ya plastiki ni marufuku kule tangu Juni 2019, kwa hiyo chukueni vikapu.

Matembezi yawekeni mwisho, siku mbili kamili: Irente kutazama tambarare iliyo chini kabisa, msitu wa Magamba wenye mbega, kijiji cha Mtae kama muda upo. Onyesheni pasipoti mnapolipia hifadhi, mwana Afrika Mashariki mara nyingi hulipa chini ya wageni wengine. Kinyonga aachwe mtini. Sokoni ulizeni nyanya badala ya tungule, na semeni "naomba" pale ambapo huku tungesema "nipe". Wazee waamkieni shikamoo hata mkiwa na jembe begani.