Big Ten ya Wanawake: Nunua Tiketi ya Jumatano, Usingoje Fainali

Kila mwanzo wa Machi, vyuo vikuu vya Marekani vya kundi la Big Ten hupeleka timu zao za kikapu za wanawake kwenye mji mmoja, zikatoane kwa siku tano mpaka abaki bingwa. Kama unaishi Iowa City, Lincoln, Lansing, Columbus, Minneapolis au Seattle, kimojawapo cha vyuo hivyo ni jirani yako, na pengine ndicho kinachomlipa mshahara mtu wa nyumbani kwako. Hata hivyo wengi wetu Waswahili tulioko Marekani, watoto wa mpira wa miguu, tunaisubiri March Madness, mashindano ya taifa ya vyuo, ndipo tuulize nani anacheza. Wakati huo tiketi zimepanda bei na michezo imetawanyika nchi nzima. Mashindano ya konferensi yanakuja wiki moja au mbili kabla, timu zote ziko chini ya paa moja, na kwa familia yenye binti anayedundadunda mpira barazani sijaona mahali pazuri zaidi pa kuanzia.

Kwanza tuelewane kuhusu konferensi. Vyuo vya daraja la juu la michezo Marekani vimegawanyika katika makundi zaidi ya 30. Kila kundi hucheza ligi yake majira ya baridi, kisha hufunga msimu kwa mtoano. Bingwa wa mtoano huo anaingia moja kwa moja kwenye mashindano ya taifa (mwaka 2026 yalikuwa na timu 68), hata kama msimu mzima alikuwa akichechemea. Big Ten, iliyoanza 1896, jina lake ni la vyuo kumi, lakini tangu 2024 ina vyuo 18, baada ya UCLA, USC, Oregon na Washington kujiunga kutoka pwani ya Pasifiki. Upande wa pili inafika mpaka Rutgers, New Jersey.

Na ramani hiyo inalingana mno na ramani yetu. Iowa City na Cedar Rapids utasikia Kiswahili cha Kongo na cha Burundi sokoni na kanisani. Columbus na Minneapolis wamo Wasomali wengi waliopitia Kenya, na Wakenya wenyewe. Lansing na Grand Rapids wamo Wakongomani waliotoka makambini. Watoto wao wanasoma shule ambazo kikapu cha wasichana ni jambo kubwa. Iowa, kwa mfano, wasichana wa sekondari walikuwa na mchezo wao wa wachezaji sita kila upande hadi 1993, na mashindano yao ya jimbo yalijaza kumbi tangu enzi za bibi zao. Ndiyo maana Oktoba 2023 timu ya wanawake ya Iowa ilipocheza mechi ya kirafiki ndani ya Kinnick, uwanja wa futiboli ya Kimarekani, walikuja watu 55,646. Umati ule haukuzuka kwa ajili ya Caitlin Clark, nyota wa timu hiyo, peke yake, ulikuwa umelelewa muda mrefu.

Mchoro wa mtoano unavyosomeka

Mwaka 2025, msimu wa kwanza wenye vyuo 18, mtoano ulichukua timu 15 za juu, na tatu za mkiani zikabaki nyumbani. Timu hupangwa kwa namba kufuatana na nafasi zao kwenye ligi. Zile za 10 hadi 15 huanza Jumatano, michezo mitatu. Alhamisi washindi hao watatu wanakutana na timu za 5 hadi 9, michezo minne. Ijumaa ndipo zinapoingia timu nne za juu, zilizokaa hotelini siku mbili zikiwatazama wenzao wakitoana jasho. Jumamosi nusu fainali, Jumapili fainali.

Piga hesabu hapo. Timu namba 3 inahitaji kushinda mara tatu ichukue kombe. Namba 7 inahitaji kushinda mara nne, na namba 12 mara tano kwa siku tano mfululizo. Kwa hiyo ukitaka kubashiri, anza na miguu kabla ya majina. Tazama kocha anatumia wachezaji wangapi. Timu inayotegemea watu sita inaweza kumshtua yeyote Alhamisi, lakini ikifika Jumamosi mitupo yake inaanza kugonga mbele ya ringi. Mpira ukianza kufika mfupi kwenye mitupo huru, jua mapaja yamechoka, na matokeo ya robo ya nne utakuwa umeshayajua kabla ya wengine.

Lakini mapumziko nayo yana mtego wake. Mwaka 2024, Minneapolis, Ohio State waliingia wakiwa namba 1, wakakutana Ijumaa na Maryland, timu namba 8 ambayo tayari ilishacheza siku iliyotangulia na kuzoea ringi na taa za ukumbi. Maryland wakawatandika 82 kwa 61. Mwaka huohuo Nebraska, namba 5, walifika fainali na kuwapeleka Iowa muda wa nyongeza kabla ya kufungwa 94 kwa 89. Ndiyo maana sikushauri uiandike namba 1 fainali kwa kalamu ya wino. Mchezo wa kwanza wa timu iliyopumzika ndio wa hatari, na ukipata nafasi ya kutazama mmoja tu Ijumaa, chagua ule ambao mpinzani ameshinda jana yake kwa tofauti kubwa, maana wachezaji wake wa kwanza walikaa benchi mapema.

Kingine cha kuangalia ni nani anakutana na nani kwa mara ya tatu. Mwaka 2025 UCLA walifika Indianapolis wakiwa wamepoteza michezo miwili tu, yote kwa USC, jirani zao wa Los Angeles, na wa pili ulikuwa siku chache tu kabla ya mtoano. Fainali ikawakutanisha tena. UCLA, wakiwa na Lauren Betts wa mita mbili chini ya ringi, walitoka nyuma wakashinda 72 kwa 67. Kocha aliyefungwa mara mbili na timu ileile ana kanda za kutosha za kusoma, na wachezaji wake wana deni. Sisemi aliyefungwa hushinda mara ya tatu kila mara, ila nasema usimdharau.

Halafu kuna timu zilizo ukingoni. Kamati ya taifa hujaza nafasi zinazobaki kwa kuchagua, na humtazama kila mmoja kwa orodha ya kompyuta iitwayo NET, inayopima nani umemshinda, wapi, na kwa kiasi gani. Mwaka 2025 Big Ten ilipeleka timu 12 kwenye mashindano ya taifa, idadi ambayo hadi wakati huo hakuna konferensi iliyokuwa imewahi kuifikia upande wa wanawake. Maana yake timu ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja zote zinacheza wiki ya mtoano zikijua ushindi mmoja unaweza kuokoa msimu. Hapo ndipo utaona mabinti wakirukia mipira iliyokwisha kutoka nje. Hapo ndipo Jumatano na Alhamisi zinapolipa. Fainali ina jina, lakini mara nyingi timu zote mbili za fainali zina uhakika wa kwenda taifa tayari.

Na kama unaona mambo haya hayatuhusu, mkumbuke Bella Murekatete. Alitoka Rwanda akiwa kijana, akasoma sekondari Idaho, akaenda chuo cha Washington State. Mwaka 2023 timu yake iliingia mtoano wa Pac-12, konferensi ya vyuo vya magharibi, Las Vegas, ikiwa namba 7. Ilishinda michezo minne katika siku tano, ikawafunga UCLA 65 kwa 61 kwenye fainali, naye akiwa nguzo ya katikati. Hakuna timu ya namba ya chini kiasi hicho iliyowahi kutwaa kombe lile. Miezi michache baadaye alikuwa Kigali na timu ya taifa, Rwanda ikafika nusu fainali ya Afrobasketi. Mwonyeshe binti yako michezo hiyo. Hapa mimi sina ubaridi: mtoto wa Kinyarwanda, Kiha au Kimeru anayemwona mwenzake akipewa mpira dakika ya mwisho anajifunza kitu ambacho hotuba ya mzazi haikifikishi.

Safari, saa na futari

Hakikisha kwanza mji. Mwaka 2023 na 2024 ulikuwa Minneapolis, kisha ukahamia Indianapolis, kwenye ukumbi wa Gainbridge Fieldhouse katikati ya mji, ule unaotumiwa na Indiana Fever, timu ya wanawake ya kulipwa. Nitaongea kuhusu Indianapolis kwa sababu ndiko njia zetu nyingi zinakokutana. Kutoka Columbus ni barabara moja, I-70, kama saa tatu. Kutoka Louisville, wanakoishi Waswahili wengi, ni saa mbili hivi kwa I-65. Kutoka Iowa City ni kama saa tano na nusu hadi sita.

Wa Iowa, Minnesota na Nebraska, sikilizeni: Indianapolis iko saa moja mbele yenu. Mchezo wa saa sita mchana kule ni saa tano asubuhi kwenye simu yako kabla hujavuka. Familia hutoka alfajiri ikijiona iko mapema, ikafika robo ya pili. Isitoshe, Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, na mara nyingi ndiyo Jumapili ya fainali. Usiku ule unapoteza saa nyingine. Mkiwa na kibarua cha Jumatatu alfajiri, fikirini mapema nani ataendesha.

Tiketi huuzwa kwa awamu. Siku ya michezo minne, kwa kawaida tiketi moja hukupa michezo miwili inayofuatana, kisha ukumbi husafishwa na kila mtu hutoka kabla ya awamu ya jioni. Ukinunua ya mchana usidhani utabaki mpaka usiku. Kwa wenzetu wa zamu za usiku, wauguzi na wabeba boksi, awamu ya mchana wa katikati ya wiki ndiyo rafiki: bei ya chini, viti vya karibu, na unarudi kulala kabla ya kuingia kazini. Ukitaka za Jumamosi kwa nafuu, subiri Ijumaa usiku. Mashabiki wa timu zilizotolewa huziuza tena ili warudi nyumbani, nawe nunua kwenye duka rasmi la ukumbi au la mauzo ya marudio linalotuma tiketi kwenye simu. Usimlipe mtu wa mlangoni akuonyeshe picha. Begi kubwa liache kwenye gari, kumbi nyingi hazilipokei. Mwenye mtoto mchanga asome masharti ya nepi na maziwa kabla ya kusafiri.

Waislamu wenzangu, miaka hii Ramadhani imekuwa ikigongana na mtoano, ule wa 2025 na wa 2026 yote ilikuwa ndani ya mwezi. Jua la Indianapolis mwanzo wa Machi huzama kama saa kumi na mbili na dakika 40 jioni, karibu kabisa na kuanza kwa awamu ya jioni. Chakula cha nje kwa kawaida hakiruhusiwi, kwa hiyo andikia ofisi ya huduma kwa wageni siku kadhaa kabla, uwaeleze tende na maji na saa ya kufuturu. Ukiuliza mapema unajibiwa kwa utulivu, mlangoni unajibiwa na mlinzi aliyechoka.

Msiosafiri, mwaka 2025 raundi za mwanzo zilirushwa Peacock na Big Ten Network, na fainali CBS. Kwa ndugu walioko nyumbani, kabla saa hazijasogezwa Indianapolis iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa nane. Mchezo wa saa sita mchana kule ni saa mbili usiku Dar, saa moja usiku Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, na saa tatu usiku Muscat. Baada ya kusogezwa tofauti inapungua kuwa saa saba kwa Dar. Uingereza hawasogezi mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hiyo wenzetu wa Leicester na London wana tofauti ya saa nne katikati hapo badala ya tano. Waandikieni ratiba kwa saa yao, msiwaachie kazi ya kukokotoa.

Anayekuja mara ya kwanza ajue machache tu. Wanawake wa vyuoni hucheza robo nne za dakika kumi kumi, tofauti na wanaume wenye vipindi viwili vya dakika 20. Timu ina sekunde 30 kurusha. Kuanzia faulo ya tano ya timu ndani ya robo moja, mpinzani anapata mitupo miwili huru. Mchezaji akifikisha faulo tano zake ametoka. Nyota akipata ya tatu kabla ya mapumziko, tazama benchi: kocha anayemwacha uwanjani ana jambo analoliogopa.

Kombe likishanyanyuliwa, usifunge kalenda. Majina ya timu za mashindano ya taifa hutangazwa Jumapili moja ya katikati ya Machi, na timu 16 za juu kabisa huandaa raundi mbili za kwanza za taifa kwenye kumbi zao wenyewe, chuoni. Chuo cha mji wako kikiwa miongoni mwao, michezo hiyo inakuja umbali wa basi la mjini, na viti huanza kuuzwa mara majina yanapotoka. Jisajili kwenye orodha ya barua pepe ya ofisi ya tiketi ya chuo wiki ya mtoano, na usiku wa tangazo keti karibu na simu, kadi ikiwa mkononi.