Mipangilio ya Simu Ambayo Mkazi wa Kigoma Anapaswa Kuifahamu

Simu janja nyingi zinazouzwa Kigoma Mjini, ziwe mpya au zilizokwisha kutumika, zina uwezo mkubwa kuliko ule ambao wamiliki wake wanautumia, na sehemu kubwa ya uwezo huo haihitaji bando wala programu mpya. Umo ndani ya mipangilio, mahali ambapo wengi wetu huingia siku ya kwanza kubadili mlio wa simu na hatuingii tena. Maelezo yafuatayo yanahusu zaidi simu za Android, kwa kuwa ndizo tulizonazo wengi. Majina ya vipengele hutofautiana kidogo kati ya kampuni moja ya simu na nyingine, lakini ukiandika neno linalohusika katika kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya ukurasa wa mipangilio, kipengele chenyewe kitajitokeza.

Nitaanza na jambo ambalo mtu wa Dodoma au Morogoro hana haja nalo, lakini kwa mtu wa Kagunga, Manyovu au vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika ni fedha inayopotea bila yeye kujua. Simu hutafuta kwanza mtandao wa laini yako, na mawimbi yake yanapokuwa dhaifu hutafuta mtandao mwingine wowote ambao kampuni yako ina makubaliano nao, hata kama mnara wake uko ng'ambo ya mpaka. Juu ya maji hakuna mlima wala msitu wa kuyazuia mawimbi, kwa hiyo mtu aliye ndani ya boti upande wa Tanzania anaweza kujikuta ameunganishwa na mnara wa Burundi au wa Kongo, na matumizi yake yakahesabiwa kama ya mtu aliyesafiri nje ya nchi. Salio huisha wakati simu imo mfukoni, kwa sababu programu zinaendelea kuvuta data zenyewe.

Dawa yake ina hatua mbili. Kwanza, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, chagua laini yako, kisha zima data katika mitandao ya ng'ambo. Kama simu ina laini mbili, rudia hatua hiyo kwa kila laini. Pili, na hii ndiyo inayosahaulika zaidi, zima kipengele kinachoiruhusu simu kuchagua mtandao kiotomatiki. Simu itatafuta kwa muda, pengine dakika moja au mbili, kisha itakuletea orodha ya mitandao inayoipata hapo ulipo. Ukiwa karibu na mpaka utaona majina ambayo huyajui. Gusa jina la mtandao wako wa Tanzania, na simu itabaki kwake hata mawimbi yakipungua. Ubaya wa kuchagua hivyo ni kwamba mahali ambapo mtandao wako haupo kabisa utabaki bila huduma, kwa hiyo anayevuka kweli kwenda Bujumbura au Kalemie na anataka kuitumia laini yake huko arudishe uchaguzi wa kiotomatiki kabla ya kuondoka.

Mnara wa ng'ambo huleta pia tatizo la saa. Burundi na upande wa mashariki wa Kongo wako nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na simu iliyoachiwa kupanga saa yenyewe huweza kufuata saa ya nchi yenye mnara ulioikamata. Kengele uliyoitega saa kumi na moja alfajiri italia wakati Kigoma imeshafika saa kumi na mbili, na boti ya Kibirizi haimsubiri abiria mmoja. Fungua mipangilio ya tarehe na saa, zima upangaji wa kiotomatiki wa saa za eneo, kisha chagua Dar es Salaam au Afrika Mashariki. Wanaofunga Ramadhani wakiwa vijiji vya mpakani wana sababu kubwa zaidi ya kulifanya hili mapema, kwa kuwa mpangilio huohuo ndio unaoongoza kengele ya daku.

Wengi pia wanaamini kwamba simu haiwezi kuonyesha mahali ilipo bila intaneti. Si kweli. Kipokezi cha GPS kilichomo ndani ya simu hupokea mawimbi ya satelaiti moja kwa moja na hakitumii bando hata kidogo; kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani. Ukishaihifadhi ramani kabla ya safari, nukta ya buluu itakuonyesha ulipo ukiwa katikati ya ziwa, au ndani ya treni ya Reli ya Kati katika maeneo yasiyo na mtandao. Fungua Google Maps mahali penye Wi-Fi, gusa picha ya akaunti yako iliyo juu, chagua ramani za nje ya mtandao, kisha vuta mraba ufunike eneo unalolitaka, kwa mfano kuanzia Kagunga kaskazini hadi Kalya kusini, na Kasulu upande wa mashariki. Eneo likiwa kubwa mno kwa mraba mmoja, hifadhi mawili. Ramani hizo huhitaji kusasishwa baada ya muda, na programu yenyewe hukukumbusha.

Bila intaneti, simu huchelewa kidogo kupata nukta ya kwanza, kwa sababu inalazimika kupokea taarifa za mahali satelaiti zilipo kutoka kwa satelaiti zenyewe badala ya kuzipata kwa njia ya mkato mtandaoni. Kaa mahali ambapo anga ni wazi, si chini ya bati wala turubai la boti, na uipe simu dakika chache. Ikishakuonyesha ulipo, bonyeza nukta hiyo kwa muda mpaka pini nyekundu itokee. Pamoja nayo utaona namba mbili zilizotenganishwa kwa mkato. Kigoma Mjini ni karibu na -4.88, 29.63. Alama ya kutoa iliyo mwanzoni inamaanisha kusini mwa Ikweta, na kuiacha kutampeleka mtu mbali sana kaskazini. Namba hizo unaweza kuzituma kwa meseji ya kawaida, ambayo hupita hata pale ambapo intaneti imekwama, na anayezipokea akiziandika katika kisanduku cha kutafutia cha ramani yake ataona ulipo. Tuma tarakimu zote kama zilivyo, kwa maana tarakimu mbili tu baada ya nukta huacha kosa linaloweza kufikia karibu kilomita moja, na tarakimu tano hulipunguza hadi takribani mita moja. Kwa wavuvi na wasafiri wa maboti naona hili ndilo jambo lenye thamani kuliko yote niliyoyataja humu, na ningependa kila nahodha alifanyie mazoezi akiwa bado ufukweni, siku ambayo injini ni nzima.

Usalama wa laini hauna mambo mengi, lakini una hatari yake. Mtu akiiba simu iliyofungwa kwa nywila anaweza kuichomoa laini, akaiweka kwenye simu nyingine na kuanza kupokea meseji zako zenye namba za uthibitisho. Kinga yake ni kuiwekea laini yenyewe namba ya siri, ambayo ni tofauti na namba ya siri ya huduma ya fedha, kupitia mipangilio ya usalama kwenye kipengele cha kufunga laini. Kabla ya kuiwasha, tafuta kadi uliyopewa uliponunua laini, kwa sababu simu itakuuliza kwanza namba ya awali, na ukikosea mara 3 laini itajifunga hadi uingize namba ya PUK, yaani namba ya kufungulia laini iliyojifunga. Ukikosea hiyo ya PUK mara 10, laini haifunguki tena na utalazimika kuomba nyingine. Usiwashe kipengele hiki kwa kubahatisha.

Unaponunua simu iliyotumika, piga *#06# mbele ya muuzaji. Namba ya tarakimu 15 itakayotokea ni kitambulisho cha simu, nayo ilingane na iliyo kwenye boksi. Ukiituma kwa meseji kwenda 15090 utajibiwa ni simu ya aina gani, na jibu likitaja aina tofauti na unayoishika mkononi, rudisha simu na uchukue fedha zako. Simu bandia zilizimwa nchini usiku wa tarehe 16 Juni 2016, na waliokuwa wamezinunua ndio waliopata hasara. Vilevile *106# hukuwezesha kuhakiki usajili wa laini yako, na meseji ya kitapeli unaweza kuitolea taarifa kupitia namba 15040.

Kwa wazee ambao maandishi madogo huwasumbua, ongeza ukubwa wa maandishi, kisha katika sehemu ya ufikivu washa ukuzaji, ili wakigusa skrini mara tatu sehemu wanayoisoma iwe kubwa. Asiyependa kuchapa anaweza kusema badala ya kuandika: kibodi ya Google inatambua Kiswahili tangu mwaka 2017, mradi lugha iliyochaguliwa ni Kiswahili cha Tanzania, na maikrofoni iko juu ya herufi. Mzee aseme taratibu na asichanganye Kiha, vinginevyo yataandikwa maneno ya ajabu. Ukikosea herufi katikati ya sentensi, usihangaike kulenga kwa kidole. Telezesha kidole juu ya kitufe cha nafasi, na mshale utasogea herufi kwa herufi hadi mahali unapopataka. Mfanyabiashara wa Kibirizi anayepokea mizigo yenye maandishi ya Kifaransa ahifadhi mapema Kifaransa na Kiswahili ndani ya Google Tafsiri, ili aweze kutafsiri bila intaneti. Kwa maelekezo ya dawa, hata hivyo, asiitegemee tafsiri hiyo, amwulize mfamasia.

Mtoto akiomba simu aangalie katuni, washa kipengele cha kubandika programu kilicho katika mipangilio ya usalama, na uchague kwamba nywila iombwe kabla ya kubandua. Hapo hawezi kutoka kwenye katuni kuingia kwenye meseji au fedha zako.

Mwisho, jaza taarifa za dharura: kundi la damu, dawa zinazokudhuru, na namba za watu wawili wa karibu, ikiwezekana mmoja awe na laini ya mtandao tofauti na wako. Ukishajaza, funga skrini na ujaribu mwenyewe kuzifikia kwa kugusa neno la dharura, kwa sababu katika baadhi ya simu lazima kwanza uruhusu zionekane bila nywila. Kisha mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani mahali zilipo.